Kuandaa Maonyesho ya Makumbusho ya Kazi za Wanafunzi wa Sekondari Walioshinda Tuzo za Sanaa

Kazi ya mwanafunzi iliyoshinda tuzo hufika makumbusho ikiwa dhaifu kuliko kazi ya msanii aliyebobea. Imechorwa kwenye karatasi ya bei nafuu, imebandikwa kwa selotepu juu ya kadi ya boksi, rangi yake pengine haijakauka sawasawa kwa sababu mwenyewe alikuwa akikimbizana na tarehe ya mwisho, na imesafiri ndani ya mfuko wa plastiki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla kazi haijagusa ukuta. Kutundika ni shughuli ya siku mbili tatu. Kupokea, kukagua na kutia fremu ni shughuli ya wiki kadhaa, na anayeibana ndiye anayekuta karatasi zimefanya mawimbi ndani ya fremu siku ya pili ya maonyesho.

Wiki kumi na mbili kabla ya ufunguzi

Anza na orodha ya kazi. Kwa kila moja andika kimo, upana, kina, uzito, vifaa vilivyotumika, na kama inahitaji umeme. Shikilia utaratibu mmoja: sentimita, kimo kikitangulia upana. Ukiacha kila mtu aandike apendavyo, utapata nusu ya michoro iliyolala imeandikwa kama iliyosimama, na mpangilio wote wa ukuta utakwenda kombo.

Kosa la kawaida hapa ni kupima karatasi badala ya fremu. Mchoro wa A3 uliosimama ni sm 42 kwa 29.7. Ukiuzungushia kadi ya sm 7 kila upande na fremu yenye ubao wa sm 2, unakuwa karibu sm 60 kwa 48. Ukiongeza nafasi ya kupumua ya nusu mita, mchoro huo mmoja uliosimama unakula mita nzima ya ukuta. Kwa hiyo ukumbi wenye mita 30 za ukuta unaotumika unabeba kazi 30 za ukubwa huo kwa mstari mmoja. Toa milango, madirisha, swichi na vizima moto kabla ya kuhesabu, usiwe na ukuta ambao upo kwenye ramani tu.

Washindi wakizidi ukuta, usianze kuwachuja upya. Majaji wamekwisha kufanya kazi yao, na mwanafunzi aliyeambiwa ameshinda kisha akaambiwa hana nafasi ameumizwa bila sababu. Panga kazi ndogo kwa mistari miwili, ongeza kuta za muda, au gawa maonyesho katika awamu mbili zenye siku sawa.

Wakati huohuo sambaza fomu ya kuazima kazi. Iwe na tarehe ya kuleta, ya kufungua, ya kufunga na ya kuchukua. Thamani ya bima. Na maelezo ya nani atakayeisafirisha. Bima iwe imeanza tangu kazi inapotoka mikononi mwa mwenyewe hadi inapomrudia, siyo zile siku za maonyesho peke yake. Thamani huwasumbua wazazi wengi, kwa kuwa kazi haijawahi kuuzwa. Kubalianeni kiasi na kiandikwe, hata kikiwa kidogo. Mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 asaini pamoja na mzazi au mlezi wake.

Hakimiliki inabaki kwa mwanafunzi. Kuazima mchoro hakukupi ruhusa ya kuuchapisha kwenye bango au mtandaoni, kwa hiyo ruhusa hiyo iombwe kwa kisanduku chake peke yake, na ruhusa ya kutumia jina na picha ya mwanafunzi iwe na kisanduku kingine. Ongeza swali hili: je, umechora kutokana na picha iliyopigwa na mtu mwingine? Picha za watu zinazochorwa darasani mara nyingi hutokana na picha za intaneti, na mwenye picha anaweza kudai haki yake. Ni afadhali ulijue hilo kabla mchoro huohuo haujawa sura ya bango.

Siku ya kupokea

Tayarisha meza pana iliyotandikwa kitambaa safi, tochi, kamera na penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo. Kwa kazi za karatasi, mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri ni bora kuliko glavu za pamba, kwa sababu glavu zinakuondolea hisia ya ncha na hukamata pembe za karatasi. Glavu za nitrili (mpira mwembamba kama wa hospitalini) zitumike kwa chuma na picha za kamera zilizosafishwa.

Kila kazi ipewe namba, iandikwe kwa penseli nyuma, kona ya chini, bila kukandamiza. Kisha jaza fomu ya hali ya kazi mbele ya aliyeileta. Piga picha mbele, nyuma na pembeni. Halafu punguza taa za chumba na uielekeze tochi kutoka ubavuni, mwanga uwe karibu kulala juu ya uso wa mchoro. Hapo utaona mikunjo, rangi iliyoanza kubanduka na alama za kucha ambazo mwanga wa juu unazificha. Andika mahali hasa: “mkunjo wa sm 3, kona ya juu kulia”. Neno “imechakaa kidogo” halitakusaidia mtu akirudi mwezi ujao akidai mkunjo ule ni wenu.

Baada ya hapo kila aina ina shida yake.

Michoro ya mkaa na pasteli hupukutika. Usiipulizie dawa ya kukazia wewe mwenyewe, maana dawa hiyo hutia giza rangi na kubadili kazi iliyoshinda. Mwanafunzi ndiye aamue, naye akikubali apulize safu nyepesi mbili tatu kutoka umbali wa sm 30, mahali penye hewa, akisubiri kila safu ikauke. Kwa kazi hizi tumia kioo cha kawaida, siyo plastiki angavu. Plastiki hujijaza umeme tuli na kuvuta unga wa mkaa kutoka kwenye karatasi, na baada ya wiki moja utaona kivuli cha mchoro kimejichapa upande wa ndani.

Rangi za mafuta zilizopakwa nene huweza kuonekana kavu juu ilhali ndani bado ni mbichi kwa miezi. Usigonge kwa kidole katikati ya picha. Jaribu pembeni kabisa, kwenye ukingo wa turubai, kwa kugusa tu. Ikinata, isifunikwe na chochote. Akriliki hukauka haraka lakini hubaki laini, na ikifungwa moja kwa moja kwa plastiki ya vipovu huchukua alama za duara ambazo hazitoki. Weka kwanza karatasi laini yenye silikoni, ndipo vipovu vije juu yake, migongo ya vipovu ikitazama nje.

Kazi zenye maharage, mbegu, majani, manyoya au tambi (wanafunzi wanazipenda, na baadhi ni nzuri ajabu) zinaweza kuleta wadudu kwenye mkusanyiko wote wa makumbusho. Zifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uzitenge kwa wiki mbili huku ukichungulia unga mpya au vitundu. Kama kuna dalili, mfuko huohuo uliofungwa uingie kwenye friza ya nyuzi -20 kwa wiki nzima, kisha ukae saa 24 nje bila kufunguliwa ili unyevu usitue juu ya kazi. Usigandishe michoro ya mafuta, ya akriliki wala kitu chenye kioo.

Udongo usiochomwa haubebwi kwa mpini wala shingo. Bebea kitako, kwa mikono miwili, juu ya ubao.

Kwa kazi za kidijitali omba faili asilia mapema. Chapisho la A2 lenye ubora wa nukta 300 kwa inchi linahitaji takribani pikseli 4961 kwa 7016. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp huwa imekwisha kubanwa, na ikikuzwa hadi A2 nywele za mchoro huwa kama ukoko. Chapisha kipande kidogo cha majaribio, mwoneshe mwanafunzi, apitishe rangi mwenyewe.

Kadi yenye dirisha, na bawaba mbili

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu ndipo kazi nyingi za karatasi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema.

Selotepu ikikuta karatasi, gundi yake huzama ndani, hugeuka kahawia na kuacha doa la kudumu. Tepu ya karatasi ya wapaka rangi ni hivyohivyo, hata kama inabanduka kirahisi siku ya kwanza. Iliyokwisha kubandikwa na mwanafunzi usiing’oe. Kata kadi inayoning’inia pembeni yake, iache mahali pake, na uiandike kwenye fomu ya hali ya kazi.

Tumia kadi mbili zisizo na asidi: ya nyuma, na ya mbele iliyokatwa dirisha. Ziunganishe kwa upande mmoja zifunguke kama kitabu. Mchoro ukae juu ya kadi ya nyuma, ushikwe na bawaba mbili tu, zote kwenye ukingo wa juu. Bawaba ni kipande cha karatasi ya Kijapani, nyembamba yenye nyuzi ndefu, upana wa sm 2 hadi 3. Ichane kwa mkono badala ya mkasi, ili nyuzi za pembeni ziwe laini na zisipige chapa upande wa mbele. Paka gundi ya wanga wa ngano iliyopikwa, safu nyembamba, kwenye theluthi ya chini ya kipande. Subiri dakika moja ing’ae kidogo tu. Bandika nyuma ya mchoro, kisha weka karatasi ya kunyonya maji na uzito juu yake kwa nusu saa. Sehemu inayochomoza juu ya mchoro hubandikwa kwenye kadi ya nyuma, na kipande kingine kikipita juu yake kwa mlalo, umbo la herufi T.

Kwa nini juu tu? Karatasi hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka. Ikining’inia kutoka juu ina uhuru wa kufanya hivyo. Ikigandishwa pande zote nne haina pa kwenda, nayo hufanya mawimbi. Gundi ikiwa nyingi nayo hukunja karatasi pale ilipo bawaba, na alama hiyo huonekana kwa mbele kama ngozi iliyovutwa.

Kadi iwe na unene wa kutosha ili kioo kisiguse mchoro. Kwa mkaa na pasteli acha mm 5 au zaidi.

Kupanga kabla ya kutoboa

Epuka kupanga kwa shule. Inarahisisha hesabu, lakini mgeni huanza kulinganisha shule na kusahau kazi. Epuka pia kupanga kwa daraja la tuzo, dhahabu mlangoni na pongezi kwenye korido ya nyuma. Panga kwa jinsi kazi zinavyozungumza: rangi, mada, ukimya na kelele. Mchoro mdogo wa penseli ukikaa kando ya turubai nyekundu ya mita moja na nusu hautaonwa na mtu, hata kama ndio uliopata tuzo ya juu kabisa. Upe ukuta mfupi wa peke yake. Picha za nyuso zinazotazama upande zitazame ndani ya ukuta, siyo nje kuelekea mlango.

Toboa kuta zote na ufagie kabla ya kuingiza kazi hata moja. Baada ya hapo zisimamishe chini ya mahali pake, juu ya vipande vya sponji, uso kuelekea nje, uziache usiku mmoja. Asubuhi macho mapya yataona kilicho kombo. Njia ya wageni iwe na upana usiopungua sm 120, na sm 150 mahali ambapo kiti cha magurudumu kitageuka. Kijukwaa cha sanamu cha sm 90 hadi 100 kinawafaa wengi. Kipe uzito kwa mfuko wa mchanga ndani, na sanamu nyepesi ishikwe chini kwa nta maalumu ya makumbusho.

Hesabu ya msumari

Chagua mstari mmoja wa katikati kwa ukumbi mzima. Sm 150 kutoka sakafuni ni kipimo kizuri. Ukitegemea watoto wengi na wageni wa viti vya magurudumu, shuka hadi 145. Katikati ya kila kazi ikae kwenye mstari huo, ziwe kubwa au ndogo.

Hesabu ni hii: mstari wa katikati, ongeza nusu ya kimo cha fremu, toa umbali kati ya ukingo wa juu wa fremu na waya ulipovutwa ukakaza. Fremu yenye kimo cha sm 60, waya wake ukikaza hukaa sm 8 chini ya ukingo wa juu. Basi 150 + 30 − 8 = 172. Msumari uko sm 172. Wengi hupima waya ukiwa umelegea, na picha yao hushuka sm 2 au 3 chini ya jirani zake.

Kwa nafasi za pembeni, chukua ukuta wa sm 600 wenye kazi tano za upana wa 40, 60, 50, 80 na 45. Jumla ni 275. Zimebaki 325, na kazi tano zina nafasi sita, kwa hiyo kila nafasi ni karibu sm 54. Ukutani nafasi za mwishoni zikiongezwa kidogo na za kati zikapunguzwa, kundi hukaa pamoja vizuri zaidi.

Tumia ndoano mbili kwa kila fremu, sambamba kwa pima maji. Ndoano moja huacha picha iyumbe kila mlango unapofungwa. Vibanio vya gundi visitumike kabisa, kwa kuwa joto huvilegeza taratibu na fremu huanguka usiku wakati hakuna mtu. Kazi ikizidi kilo 5 tumia skrubu na plagi ya ukutani (kile kijiti cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu), na ukiwa na shaka na ukuta, ning’iniza mfuko wa mchanga wenye uzito mara mbili ya kazi hiyo usiku kucha.

Mwanga

Rangi za maji, kalamu za rangi, picha zilizosafishwa, vitambaa na karibu kila kitu cha karatasi: luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kazi). Mafuta na akriliki: hadi 200. Kalamu za kung’ariza maandishi na kalamu za felti hupauka upesi kuliko vyote, nazo zimejaa kwenye kazi za wanafunzi.

Madhara ya mwanga hujumlishwa, hayapoi kazi ikipumzika gizani. Luksi 50 kwa saa 8 kwa siku 30 ni luksi-saa 12,000. Ukumbi wenye luksi 500 unafikisha kiasi hichohicho kwa siku tatu. Kwa hiyo funga mapazia, weka vichujio vya miale ya urujuanimno kwenye madirisha, na zima taa ukumbi ukifungwa. Elekeza taa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima. Ikilala zaidi, kioo kitamulika machoni mwa mgeni. Ikisimama zaidi, fremu itaangusha kivuli juu ya mchoro. Hewa ikae kati ya nyuzi 18 na 22 na unyevu wa asilimia 45 hadi 55, lakini kama mitambo haipo, kutobadilikabadilika ghafla kuna faida kuliko kufikia namba yenyewe.

Lebo, na tuzo yenyewe

Lebo iwe na jina la mwanafunzi, jina la kazi, mwaka, vifaa, vipimo, na tuzo. Maandishi yasipungue pointi 18, meusi juu ya nyeupe isiyong’aa, kwenye kimo cha sm 120 hadi 140. Jina litumwe kwa mwenyewe alihakiki kabla ya kuchapa. Herufi moja iliyokosewa itakaa kwenye kila picha atakayopiga na wazazi wake siku ile. Anwani, nambari za simu na jina la mtaa visiwepo popote.

Tuzo iandikwe kwenye lebo. Medali na utepe visitundikwe kwenye fremu, kwani huikwaruza, huvuta jicho kutoka kwenye mchoro, na huwafanya wageni wasome medali badala ya kutazama. Kinachowasaidia wageni ni bango moja mlangoni linaloeleza majaji walitafuta nini. Mashindano ya Scholastic Art & Writing Awards ya Marekani, kwa mfano, yaliyoanza mwaka 1923, hupima ubunifu asilia, ustadi, na kujitokeza kwa sauti ya msanii mwenyewe, na majaji huona kazi bila jina la aliyeifanya. Mgeni akiyajua vigezo hivyo, hulinganisha anachokiona na sababu, na haulizi tena kwa nini mchoro “usiofanana na mtu halisi” umeshinda.

Maelezo ya mwanafunzi yawe maneno 50 hadi 70. Ukimwambia “eleza kazi yako” atakuandikia sentensi za kuazima kuhusu maisha na matumaini. Mwulize maswali ya mkono: ulianzia sehemu gani ya karatasi, ulifuta nini, rangi hii uliichanganyaje, ungebadili nini leo? Majibu yake yasahihishe makosa ya tahajia tu, kisha umrudishie aridhie.

Siku ya ufunguzi vinywaji vikae chumba kingine, na msimamizi mmoja asimame karibu na sanamu muda wote, kwa sababu ajali nyingi husababishwa na mikoba ya mgongoni watu wakipiga picha kinyumenyume. Hotuba ziwe fupi. Waachie wanafunzi nusu saa ya kusimama kando ya kazi zao, wageni wawaulize.

Kuteremsha na kurudisha

Usiteremshe kabla ya saa iliyotangazwa, hata ukumbi ukiwa mtupu. Kuna babu au shangazi atakayefika dakika ya mwisho. Kazi irudi mezani, fomu ileile ya hali ya kazi itolewe, ikaguliwe kwa tochi ileile, na picha mpya zilinganishwe na za mwanzo. Iliyotiwa fremu ya makumbusho itolewe kwenye fremu lakini ibaki ndani ya kadi yake, maana kadi hiyo ndiyo itakayoilinda nyumbani. Fungasha kwa karatasi laini, kadi ngumu pande zote mbili, na uandike “usikunje” kabla, si baada, ya kuweka mchoro ndani, maana kalamu ikikandamiza juu huacha chapa kwenye mchoro. Mpokeaji asaini, na kwa zitakazobaki, piga simu siku ya tatu, siku ya kumi, na tena wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye fomu ya kuazima.